Chupa ya Muwa Haiozi

Hotuba hii ilitolewa Mtwara mjini mbele ya wasindikaji wadogo wa juisi, maji na asali, wakusanyaji wa makopo na wanafunzi wa ufundi. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama wasindikaji, kaka na dada zetu wa makopo, walimu na wanafunzi. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Wengi wenu mna chupa ya maji mkononi. Igeuzeni, mtazame kitako. Mnaona pembetatu ya mishale na namba ndani yake? Ni namba 1. Hiyo ni PET. Sasa shikeni kizibo. Hicho si PET. Vizibo vingi ni vya plastiki nyingine, namba 2 au namba 5. Na lebo huenda ni plastiki ya tatu. Chupa moja, plastiki tatu. Hizo namba ndiyo lugha ya chupa, na anayenunua au kuuza chupa bila kuijua ataumia, leo au kesho.

Wauzaji wa vifungashio wanakuja na maneno matamu siku hizi. Chupa ya muwa. Chupa ya mahindi. Chupa rafiki wa mazingira. Chupa inayooza. Maneno hayo manne yanatajwa kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo watu wanapopotezwa. Kutokana na mmea ni jambo moja. Kuoza ni jambo jingine. Moja linauliza ukoo wa chupa, jingine linauliza maziko yake. Kuna chupa iliyotoka shambani ambayo haiozi kabisa. Na kuna plastiki iliyotoka kwenye petroli ambayo inaoza udongoni. Ukoo ni ukoo, maziko ni maziko.

Tuanze na ukoo, na njia nzuri ya kuuelewa ni chumvi. Huku Kusini chumvi tunaijua. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye mabwawa wakati wa bamvua, jua linakausha, watu wanakwangua. Kule Uvinza, mkoani Kigoma, mbali kabisa na bahari, chumvi inatokana na chemchemi. Safari mbili tofauti. Lakini ikishasafishwa na kutiwa kwenye mchuzi, kuna ulimi utakaosema hii ni ya Lindi na hii ni ya Uvinza? Hakuna. Chumvi ni chumvi.

PET nayo ni hivyo hivyo. Inaundwa kwa vitu viwili vinavyofungamanishwa. Cha kwanza ni glaikoli, kimiminika kizito kisicho na rangi. Cha pili ni asidi ya terefthaliki, unga mweupe. Kwa uzito, glaikoli ni kama asilimia 30 ya chupa na asidi ni kama 70, na kwa kawaida vyote viwili hutoka kwenye petroli na gesi. Mwaka 2009 Coca-Cola ilileta sokoni chupa iliyoiita PlantBottle. Walichobadilisha ni glaikoli peke yake. Badala ya petroli, wakaanzia kwenye muwa.

Fuateni hatua. Muwa unakamuliwa. Juisi yake, au molasi inayobaki baada ya sukari kutolewa, inachachushwa kwa hamira mpaka inatoa pombe. Pombe inakenekwa mpaka inakuwa spiriti kali. Spiriti inapitishwa kwenye joto kubwa juu ya kichocheo, inaachia maji, inabaki gesi inayoitwa ethilini. Ethilini inaunganishwa na oksijeni, halafu na maji, na hapo inapatikana glaikoli. Glaikoli hiyo haina tofauti hata chembe na ile ya petroli. Mashine ya kupuliza chupa haijui tofauti. Mnywaji hajui. Kiwanda cha kurejeleza hakijui. Na bahari ya Mikindani chupa ikitupwa humo haitajua vilevile. Itaelea ikiwa na kizibo, itazama ikijaa maji, itamong'onyoka kuwa vipande vidogo, lakini haitaoza.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu hesabu inaondoa mazingaombwe. Chukua chupa ya nusu lita yenye uzito wa gramu 20. Sehemu ya glaikoli ni gramu 6. Kuipata kunahitaji mililita 6 au 7 za spiriti. Tani moja ya muwa inatoa takriban lita 80 za spiriti, yaani mililita 80 kwa kilo. Kwa hiyo chupa nzima imetumia chini ya gramu 100 za muwa. Ni kile kifuko kimoja kidogo cha vipande vilivyomenywa, kinachouzwa stendi. Huo ndio ukoo wote wa shambani wa chupa inayoitwa ya muwa.

Na kuna jambo wauzaji hawalisemi. Ukipima kwa uzito, sehemu ya mmea ni asilimia 30. Ukipima kwa kaboni ni asilimia 20 tu, kwa sababu kila pingili ya mnyororo wa PET ina kaboni 10, mbili za glaikoli na nane za asidi. Maabara hupima hilo kwa kaboni-14, njia ileile inayotumika kukadiria umri wa mkaa na mifupa ya kale: mmea uliovunwa juzi una kaboni-14, petroli iliyokaa ardhini mamilioni ya miaka haina. Basi mtu akikuambia chupa yake ni ya mmea kwa asilimia fulani, muulize: kwa uzito au kwa kaboni? Asiyejua jibu hajui anachouza.

Je, ile asilimia 70 nyingine haiwezi kutoka shambani? Inawezekana. Mwaka 2021 Coca-Cola ilionyesha chupa ya majaribio ambayo hata asidi yake ilianzia kwenye sukari ya mahindi, kwa teknolojia ya kampuni ya Marekani iitwayo Virent. Zilitengenezwa chupa 900 hivi. Mia tisa, ndugu zangu. Kiwanda cha kawaida cha maji kinajaza idadi hiyo kabla chai ya saa nne haijamiminwa. Kemia imekubali. Bei na wingi ndivyo bado vinagoma.

Sasa mnaonunua prifomu Dar es Salaam, hapa naomba masikio yenu. Mnajua prifomu: kile kichupa kinene kama cha dawa, chenye shingo iliyokamilika, kinachopashwa moto na kupulizwa. Ukihama kutoka prifomu ya gramu 20 kwenda ya gramu 14, umepunguza gramu 6 za plastiki kwa kila chupa. Gramu sita. Ni uzito uleule wa sehemu ya muwa tuliyoihesabu! Tofauti ni kwamba chupa ya muwa inakuongezea gharama, na chupa nyepesi inakupunguzia. Shingo fupi peke yake, badala ya ile ndefu ya zamani ya soda, inaokoa zaidi ya gramu moja.

Lakini msikimbilie wepesi kipofu. Chupa nyembamba ikipangwa tabaka nyingi kwenye Fuso, ikapigwa na matuta ya barabarani, za chini zinajikunja na vizibo vinavuja. Dawa yake si kurudi kwenye gramu 20. Weka karatasi ngumu kati ya tabaka na tabaka, jaza mpaka karibu na shingo ili hewa isiwe nyingi, usizidishe tabaka. Na upulizaji uwe sahihi. Prifomu ya PET hupashwa hadi nyuzi joto 100 hivi. Ikiwa baridi mno, chupa inatoka na michirizi myeupe inayong'aa kama lulu, na hapo ukuta umevutwa kupita uwezo wake. Ikiwa moto mno, inatoka na ukungu kama wa maziwa. Chupa zenye alama hizo zitengeni, msizijaze.

Twende kwenye mmea wa pili, ule unaoitwa chupa ya mahindi. Hii ni plastiki nyingine kabisa. Inaitwa PLA. Wanga wa mahindi unageuzwa sukari, sukari inachachushwa na bakteria kuwa asidi ya laktiki, asidi ileile inayogandisha maziwa, kisha asidi hiyo inafungwa kuwa minyororo mirefu. Kiwanda kinachojulikana zaidi kiko Blair, Nebraska, Marekani, na kinatumia mahindi. Kingine kikubwa kiko Rayong, Thailand, na kinatumia muwa. PLA inang'aa, inapendeza, inafanana na PET kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitofautisha. Na ndiyo, PLA inaweza kuoza. Nitasema kwa masharti gani. Kwanza tuone inavumilia nini.

Tuseme kuna mama msindikaji wa juisi ya ukwaju hapa Magomeni. Anachemsha juisi yake mpaka nyuzi 85, anaijaza ikiwa moto ili joto liue vijidudu ndani ya chupa na kwenye kizibo, anafunga, analaza chupa dakika tatu, anaacha ipoe. Utaratibu sahihi kabisa kwa juisi yenye ukali wa ukwaju. Sasa ameletewa chupa nzuri za PLA. Nini kitatokea? PLA inaanza kulegea kwenye nyuzi 55 hadi 60. Juisi yake iko 85. Chupa itajikunja mikononi mwake, shingo itapinda, kizibo hakitaziba. Na haihitaji hata kufika kwenye juisi. Kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 550, na kontena la bati lililofungwa likisimama juani mchana linaweza kupita nyuzi 55. Chupa zinaweza kufika zimepinda kabla hazijaona ukwaju.

Mtasema, basi ajaze juisi baridi. Juisi baridi isiyo na dawa ya kuhifadhi inahitaji friji kuanzia kiwandani mpaka mezani, na umeme ukikatika, inachacha. Ajaze maji basi? PLA inapitisha mvuke wa maji mara kadhaa kuliko PET. Chupa ikikaa dukani miezi kadhaa, maji yanapungua bila kufunguliwa na tumbo la chupa linaingia ndani. Soda je? Gesi inatoroka. Kwa hiyo PLA inabaki na kazi ya vinywaji visivyo na gesi, visivyo na moto, vya kuuzwa haraka, mahali penye ubaridi. Ukiangalia hali ya hewa yetu ya pwani, je, ni kazi ngapi zimebaki hapo?

Na mama huyu asidhani PET ya kawaida ndiyo itamwokoa. Nayo inalegea kuanzia nyuzi 70 na kidogo. Ndiyo maana juisi ya moto ikitiwa kwenye chupa tupu ya maji, chupa inasinyaa. Anayejaza moto ana njia tatu. Achukue chupa ya kioo. Achukue chupa ya namba 5, yaani PP, ambayo inavumilia hata maji yanayochemka. Au achukue PET maalumu iliyokazwa kwa joto kwenye kalibu. Hii mtaitambua kwa ukuta mnene wenye mabonde na vibao vilivyobonyea, na mara nyingi shingo nyeupe isiyopenya mwanga. Kabla ya kununua mfuko mzima, ombeni chupa tano. Pima urefu wa kila moja kwa rula, jaza maji ya nyuzi 85, funga, laza dakika tatu, simamisha, ziache zipoe, pima tena. Urefu ukipungua milimita chache, au chupa ikayumba mezani, au ukiiminya inatoa machozi kwenye kizibo, rudisha. Jaribio hilo linagharimu chupa tano na sufuria ya maji.

Nimeahidi kuzungumzia kuoza. PLA inaoza kwenye kiwanda cha mboji chenye joto la nyuzi 58 hivi, unyevu na hewa, kwa wiki na miezi. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432 kinadai asilimia 90 ya kaboni yake iwe imegeuka hewa ndani ya miezi sita katika mazingira hayo. Nyuzi 58, usiku na mchana! Nani hapa amewahi kuona kiwanda cha mboji cha namna hiyo Mtwara au Lindi? Jalala letu si kiwanda cha mboji. Shimo la nyuma ya nyumba si kiwanda cha mboji. Na bahari ya Msimbati, ambako kuna hifadhi ya bahari, maji yake hayafiki hata nusu ya joto hilo kwa wingi wa siku, wala hayawezi kulifikia. Humo PLA itakaa miaka mingi kama plastiki nyingine yoyote.

Kumbukeni mifuko. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini. Ikaja mifuko mbadala, laini, inayofanana na kitambaa. Watu wangapi walidhani ni kitambaa? Ile isiyofumwa ni PP, plastiki namba 5, nyuzi zake zimeshikizwa kwa moto. Faida yake ni kwamba ikiwa nzito inarudiwa mara nyingi, na ndiyo sababu TBS ikataka isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba. Ile myepesi ilichanika safari ya pili, ikarudi palepale kwenye mitaro. Mguso uliwadanganya watu. Na neno “inaoza” kwenye lebo ya chupa linaweza kuwadanganya vilevile. Kuna hata plastiki ya kawaida inayotiwa dawa ya kuifanya imeguke haraka juani, ikauzwa kwa jina la kuoza. Inabaki punje za plastiki ambazo hakuna mkono utakaoziokota. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku. Mkiletewa, ikataeni.

Sasa nageukia vijana na akina mama wa makopo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mzigo wa chupa hizi mpya unaangukia mizani yenu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kopo safi la PET linafuata njia hii. Mnaliokota, mnalitenga, linafungwa robota, linasagwa chenga za upana wa milimita 8 hadi 12, linaoshwa kwa maji ya moto yenye magadi makali, linaingia kwenye tangi la maji. Kwenye tangi vizibo vinaelea, PET inazama. Kwa nini? Kwa sababu vizibo ni vyepesi kuliko maji, na PET ni nzito kuliko maji: lita moja ya PET ngumu ingekuwa na kilo 1.38 hivi. Maji yenyewe yanafanya kazi ya kutenga bila mshahara. Kisha chenga zinakaushwa kwenye joto la nyuzi 160 hivi kwa saa kadhaa, kwa sababu PET ikiyeyushwa na unyevu ndani yake, minyororo inakatika na bidhaa inakuwa dhaifu.

Ingiza PLA humo. PLA nayo inazama, kilo 1.24 kwa lita, kwa hiyo tangi haliitengi. Inaingia kwenye kikaushio pamoja na PET. Kwenye nyuzi 160 PET bado imara, lakini PLA imeshakuwa gundi. Chenga zinashikana mabonge, mdomo wa mashine unaziba, kazi inasimama. Na PLA inayofaulu kupita haichanganyiki na PET. Inaacha ukungu na rangi ya njano, hata ikiwa kidogo sana. Viwanda vikubwa vya Ulaya vina mashine za mwanga usioonekana zinazotambua kila plastiki na kuipuliza pembeni kwa hewa. Mnunuzi asiye na mashine hiyo ana silaha moja tu: kushusha bei ya robota lako, au kulikataa. Anayelipa ni nani? Ni yule aliyeinama juani kuokota, na hakuitengeneza wala hakuinunua chupa ile.

Kwa hiyo jifunzeni kuitambua. Hatua ya kwanza, tazama namba. PET, iwe ya muwa au ya petroli, ni namba 1, na ya muwa ichanganyeni na nyingine bila wasiwasi wowote. PLA huwekwa namba 7, kapu la “nyinginezo”. Namba 7 isiingie kwenye robota la namba 1. Namba ikiwa imefutika, tumieni sukari. Ndiyo, sukari. Chukua gramu 300 za sukari na mililita 200 za maji, pasha mpaka iyeyuke yote, acha ipoe. Hiyo shira sasa ni nzito kuliko PLA lakini nyepesi kuliko PET. Kata kipande cha chupa ukubwa wa ukucha, kisugue kwa tone la sabuni ili mapovu ya hewa yasikishike, kizamishe chini kwa kijiko, kisha kiachie. Kikielea, ni PLA au plastiki nyingine nyepesi. Kikizama, kina dalili ya PET. Chumvi haitoshi, maji ya chumvi hata yakikolea kabisa ni mepesi kuliko zote mbili. Shira iwekeni kwenye chupa yenye kizibo, itawafaa muda mrefu. Ikianza kuchacha, pika nyingine.

Mengine mnayajua, lakini yanapuuzwa kila siku. Mwageni maji yaliyobaki, kwa sababu mnunuzi hanunui maji. Tengeni nyeupe inayopitisha mwanga, bluu na kijani, kwa kuwa nyeupe inaweza kuwa rangi yoyote lakini kijani haiwi nyeupe tena. Chupa zilizotiwa mafuta ya taa au dawa ya mikorosho zisiguse robota. Na lebo zile za kuvuta kama soksi zichaneni, maana nyingine ni PVC, plastiki namba 3, inayozama pamoja na PET na kuichafua kwa chembe nyeusi.

Wasindikaji, mnasikia? Kila kosa mnalolifanya mnapochagua lebo na rangi, hawa ndugu wanalilipa kwa kilo.

Na chupa ambayo haikosi kurudi tunaijua sote. Ni ile ya soda ya kioo. Nenda dukani bila chupa tupu uone kama utaondoka nayo. Utaacha hela, au utakunywa hapohapo umesimama. Kreti inarudi, chupa inaoshwa, inajazwa tena. Hakuna aliyeuliza kama kioo kinaoza. Kioo hakiozi, na mitaani hakijazagaa kwa sababu kina thamani na kina njia ya kurudi. Wasindikaji watatu wa mtaa mmoja wakikubaliana chupa moja ya kioo, ukubwa mmoja, amana moja, wameshafanya jambo kubwa kuliko shehena nzima ya PLA.

Viwanda vya dunia vimejifunza somo hilo kwa gharama. Mwaka 2006 kampuni ya maji ya Uingereza, Belu, ilitoa chupa ya mahindi, na baadaye ikahamia PET iliyorejelezwa. Kilichosonga mbele ni mimea inayoingia kwenye plastiki zilezile zenye njia: glaikoli ya muwa ndani ya PET, na polithini ya muwa inayotengenezwa na Braskem huko Triunfo, Brazili, tangu 2010, kiwanda kilichojengwa kwa tani 200,000 kwa mwaka. Inatumika kwenye vizibo na filamu. Kuna pia PEF, plastiki mpya ya sukari ya matunda kutoka kampuni ya Kiholanzi Avantium, iliyofungua kiwanda Delfzijl mwaka 2024. PEF inazuia oksijeni na gesi ya soda vizuri kuliko PET. Lakini kiwanda hicho kinatengeneza kiungo chake kikuu, na ni cha tani 5,000 tu kwa mwaka, na PET ya chupa duniani inahesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya tani. Tuifuatilie, tusiisubiri.

Swali linaloulizwa kila mara hapa Kusini: na mabibo yetu je? Yanaoza chini ya mikorosho, yana sukari, yanatoa uraka, ile pombe ya mabibo, na spiriti yake ni ileile ya muwa. Kweli kabisa. Lakini tupige hesabu. Bibo lina sukari kama asilimia 10, kwa hiyo tani moja, baada ya hasara ya kukamua, inatoa kama lita 40 za spiriti. Kiwanda cha ukubwa wa Triunfo kinakula spiriti lita milioni 400 na zaidi kwa mwaka. Hizo ni tani milioni 10 za mabibo, zikusanywe msimu wa miezi mitatu, na kila tunda lisindikwe ndani ya siku moja kabla halijaharibika. Kwa chupa, haiwezekani. Kwa juisi, siki na spiriti ya kuuza kwa lita, inawezekana sana, na huko ndiko nguvu iende.

Na gesi yetu ya Mnazi Bay na Songo Songo, haiwezi kutupa ethilini ya chupa? Karibu yote ni methani. Ethilini hupatikana kwa urahisi kutoka gesi nyingine, ethani, na hiyo tunayo chembe tu.

Muhogo ndio unaonipa matumaini, ila si kwa chupa. Wanga wa muhogo ukipikwa na gliserini unatoa filamu laini, lakini inafyonza unyevu, na kwa hewa hii ya pwani ingelegea kama chapati iliyofunikwa. Ikichanganywa na plastiki inayooza udongoni, inatosha kwa kiriba cha mche. Fikirini viriba vinavyochanwa kila mvua zinapoanza, kwa mikorosho peke yake. Kiriba hakuna atakayekiokota, kinazikwa palepale kinapotumika. Hapo ndipo kuoza kuna maana. Wanafunzi wa ufundi, mkitafuta mradi, anzieni hapo: kiriba cha ukuta mnene kiasi gani kitavumilia miezi mitatu ya kumwagiliwa, kisha kimeguke shambani?

Kwenye meza ile ya mbele kuna bakuli la shira, mkasi, sabuni na vipande vya chupa nne zisizo na namba. Njooni kwa zamu, akina mama wa makopo watangulie. Kila mmoja azamishe kipande, akiachie, aseme ni kipi kiingie kwenye robota.